Mdomo wa Mwalimu Una Mwenyewe

Siku Leokadia Kabyemera alipoitwa kwenda kutia sauti kwenye filamu, alivaa gauni la kitenge aliloshonea Pasaka, akafunga kilemba, akavaa na mkufu wa lulu alioachiwa na marehemu mumewe. Mwanawe Clement, aliyekuja kumchukua kwa gari kutoka Woodbridge, alimkuta kwenye kizingiti cha nyumba yake ya Beltsville akiwa tayari na mkoba mkononi, akacheka.

"Mama, wanarekodi sauti tu. Hakuna atakayekuona."

"Wewe umeniona," alisema Leokadia. "Haya, twende."

Walipofika Landover, katika ghala lililogeuzwa studio, Clement alikoma kucheka. Khalfan, dereva wa basi aliyezaliwa Tanga, alikuwa amevaa kanzu, koti na kofia ya mkono iliyodarizwa. Edna Jerotich, muuguzi Mkenya, alikuwa ametoka saluni.

"Nywele nimezikalia jana mchana mzima," Edna alilalamika, "na kumbe ni sauti pekee. Aki, mtu angeniambia tu."

"Shikamoo, Bi Leokadia," alisema Khalfan akisimama.

"Marahaba, Khalfan. Umependeza. Unaoa tena?"

"Ningeoa, Bi. Ila wanawake wa huku wanaanza kwa kuniuliza kama nina bima ya meno."

Ndivyo walivyo watu wetu. Ukiwaambia kuna filamu, hawaulizi wanakwenda kuonekana au kusikika, wanapiga pasi. Na kati yao wote hakuna aliyepiga pasi kama Leokadia, kwa sababu yeye hakuipigia filamu. Alilipigia jina.

Jina hilo lilijulikana kote walikokutana Watanzania upande ule wa Maryland. Leokadia alikuwa amefundisha sekondari Bukoba kwa miaka mingi. Baada ya kufiwa aliletwa huku na mwanawe, akafanya kazi maktaba mpaka magoti yakagoma. Katika misa ya Kiswahili hakuna msomaji aliyethubutu kupanda mimbari bila kupitia somo lake kwanza, maana Mama Kabyemera angekuwa kiti cha tatu kutoka mbele, na angesikia. Mshereheshaji wa harusi moja aliwahi kumtaja kama mjane wa "mzee Ferdi". Leokadia alimwita pembeni kabla keki haijakatwa, na yule kijana alirudi kwenye kipaza sauti akasema, "Naomba radhi. Mjane wa Mwalimu Ferdinand Kabyemera." Wapo waliosema anajisikia. Leokadia hakuwakatalia. Mtu akishakuachia jina bila doa, aliona, huna ruhusa ya kulivaa kama kandambili.

Mwenye filamu alikuwa dada wa Kiswidi aitwaye Malin, mrefu, amenyoa nywele upande mmoja, na sweta yake ilikuwa na tundu kwenye kiwiko. Leokadia aliliona tundu, akalisamehe. Malin aliwakaribisha kwa Kiingereza, akawaeleza kazi yenyewe.

Alikuwa amekuta mikanda ya zamani katika stoo moja kwao Uswidi. Ilipigwa Afrika na Waswidi waliokuja kwa mambo ya misaada, na haikuwa na sauti. Malin alichukua picha hizo kimya akazitilia sauti za Waswidi wa leo. Ng'ombe wakalalamikia kodi ya nyumba. Kina mama waliokuwa wakitwanga wakabishana juu ya daktari wa meno. Mtoto anayelia akatoa sauti ya babu anayesoma utabiri wa hali ya hewa. Filamu ilikuwa fupi, ya kujaribu jambo, na ilikuwa imealikwa katika ukumbi mmoja wa sanaa mjini Washington. Kwa ajili ya huko alitaka maneno yale yale yasemwe kwa Kiswahili, na maandishi ya Kiingereza yapite chini ya picha.

"Siwacheki hawa watu," Malin alisema. "Najicheka mimi na wenzangu. Siku zote tumewatazama watu wa mbali, na tukasikia sauti zetu wenyewe."

Leokadia, ambaye alikuwa amesoma vitabu vingi kuliko alivyoonekana kusoma, aliona wazo si la kipumbavu. Alipopewa nafasi ya mama mwenye mchi, alisogea kwenye kipaza sauti, akavaa hedifoni juu ya kilemba kwa uangalifu, akasema, "Jino zima ndilo alilong'oa, mwanangu. Lililooza kaniachia, nizeeke nalo." Alilisema kwa uchungu hata Edna akainama akicheka, na fundi mitambo, asiyejua neno la Kiswahili, akacheka pia.

"Safi sana," alisema Malin. "Sasa Mwanamume wa Kwanza. Khalfan, ni wewe."

Picha ikabadilika. Ukaonekana uwanja wenye nyasi, karakana mpya ya mabati, wageni weupe wamekaa kwenye viti huku wameshika kofia zao magotini. Mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe la mikono mifupi akatoka kwenye kundi la wenyeji, ameshika karatasi asiyoitazama. Akageuza shingo kuwasalimu watu wa kushoto, kisha wa kulia.

Leokadia alishika ukingo wa meza. Nyumbani alikuwa na picha ya mumewe ukutani, kubwa, yenye fremu. Lakini picha ya ukutani haigeuzi shingo.

Khalfan akasoma alichoandikiwa, kwa sauti yake nzuri ya kuongoza harusi: "Sina la kusema. Nimeambiwa nichezeshe mdomo tu mpaka mkanda uishe. Na nyinyi mnapiga makofi, sijui kwa nini."

Edna akacheka. Midomo ya yule mtu ilikuwa imeafikiana na maneno vizuri mno.

"Simamisha," alisema Leokadia.

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ya darasani, na fundi mitambo alisimamisha kabla Malin hajageuka.

"Huyu ni nani?" Leokadia aliuliza.

Malin alipekua karatasi zake. "Mwanamume wa Kwanza. Hajulikani. Kwenye kopo la mkanda waliandika Afrika Mashariki, basi."

"Anajulikana. Ni Mwalimu Ferdinand Kabyemera, mkuu wa chuo cha maendeleo ya wananchi, mkoa wa Kagera. Ni mume wangu. Yule mwanamke kule nyuma kwenye masufuria, mwenye mtoto mgongoni, ni mimi. Mtoto ndiye huyo aliyesimama mlangoni na funguo za gari."

Wote wakamgeukia Clement, mtu mzima mwenye mvi masharubuni, naye akaitazama picha kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na asiyemjua.

Malin aliziba mdomo kwa mkono. Akasema anasikitika, na alisikitika kweli. Kisha akaharibu. "Lakini hili ni jambo kubwa," alisema. "Linaipa filamu nguvu zaidi."

"Filamu yako itafute nguvu zake," alisema Leokadia. "Mume wangu si mbolea."

"Tafadhali nielewe. Anayechekwa si yeye, ni sisi."

"Nimekuelewa tangu ulipoanza. Unajicheka. Jicheke kwa mdomo wako. Huu una mwenyewe."

"Lakini Mama Clement," alisema Edna taratibu, "si ni filamu tu? Na ni nyinyi Watanzania mlinifunza, maiti haulizwi sanda."

"Sanda haulizwi, mwanangu. Jina, anaulizwa mjane wake." Akamgeukia tena Malin. "Kwetu marehemu hasemewi na kila mwenye kinywa. Msibani kuna msemaji wa familia. Hata wasifu wake ukiandikwa, husomwa kwanza ndani, wenyewe wakaridhika, ndipo ukatoka uani kwa watu. Wewe umeusoma wasifu wa mume wangu hadharani, na hukubisha hodi."

Khalfan alivua hedifoni akaziweka mezani kwa adabu. "Dada Malin, mimi kazi yako naipenda," alisema. "Ila siwezi kumsemea mume wa mtu na mkewe amekaa hapo. Huko kwetu Tanga ningepigwa kiatu, na ningestahili."

Edna akapumua, akatazama nywele zake katika kioo cha chumba cha fundi. "Basi na mimi niende," alisema. "Siwezi kubaki hapa nikiongea na ng'ombe peke yangu."

Katika gari Clement alipigapiga usukani kwa vidole mpaka walipoingia barabara kuu. Yeye ndiye aliyempatia mama yake nafasi ile, kupitia rafiki wa kazini, na alikuwa ameshawaambia wakubwa wake wote waje siku ya onyesho.

"Mama, usii-take personal," alisema hatimaye. "Ni art. Na huku nani anamjua Baba?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Kama hawamjui, watakalosikia la kwanza ndilo watakalobaki nalo. Bukoba mtu akimtukana baba yako, watu mia watamkatalia. Hapa niko mimi."

"Nimeshawaalika watu, Mama. Bosi wangu anakuja na mke wake."

"Waje. Watamsikia baba yako."

Clement alitikisa kichwa. Hakujua, kwa kuwa alikuwa mgongoni na amelala, kwamba siku ile ya mkanda baba yake alikuwa ameshasemewa mara moja.

Wageni walileta randa, misumeno na mashine ya kukereza mbao, na Mwalimu Ferdinand akaombwa kutoa neno la shukrani. Alitoa neno. Lilikuwa la heshima, na lilikuwa na mifupa ndani. Wenyeji walisikiliza kimya, wazee wakaguna kwa kuridhika. Alipomaliza, mkalimani, afisa kijana aliyefuatana na wageni na ambaye hakutaka kuharibu safari, akawageukia akawaambia kwa Kiingereza: anawashukuru sana, na anaomba msaada zaidi. Wageni wakapiga makofi. Ferdinand alijua Kiingereza. Alisimama pale na karatasi yake akipigiwa makofi kwa maneno ambayo hakuyasema.

Jioni hiyo nyumbani hakula. "Wamenisemea, mke wangu," alisema. "Mimi niko hapo hapo, nimesimama kwa miguu yangu, na wamenisemea." Akairudia hotuba yote sebuleni, akitembea kati ya kiti na mlango, kana kwamba wageni walikuwa wamejipanga ukutani. Akairudia tena kesho yake kwa mkwewe, na Krismasi kwa kaka zake, na kila mwaka alipopata wasikilizaji na bia ya ndizi, mpaka Leokadia akawa anaijua kama Baba Yetu. Wakati ule alikuwa akimwambia, "Mwalimu, wageni walishaondoka." Sasa angetoa chochote ili amsikie mara moja tu akianza. Ferdinand alikufa kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu. Hakuna mahali popote duniani palipohifadhi sauti yake. Ilikuwa katika masikio ya Leokadia, na masikio yenyewe yalikuwa yanazeeka.

Kwa hiyo hakulala akilia. Alipiga simu kwa Khalfan.

Khalfan katika ujana wake alikuwa msimulizi wa filamu katika banda la video. Wasomaji waliokulia mijini wanakumbuka kazi ile: mkanda wa Kihindi, wa Kichina, wa Kimarekani, sauti yake inashushwa, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti anasema kila kitu kwa Kiswahili. Khalfan peke yake alikuwa polisi, jambazi, bibi harusi na mama mkwe. Aliposikiliza shida ya Leokadia hakufikiri sana.

"Bi, hiyo haihitaji ugomvi. Picha ibaki, sauti izimwe, mwenyewe asimame pembeni aseme. Sisi tumefanya hivyo miaka na miaka. Tulikuwa hatujui kwamba ni sanaa."

Malin aliitwa, akaja Beltsville Jumapili baada ya misa, ameleta maua, na sweta ilikuwa nyingine. Alitegemea kufokewa. Badala yake Leokadia alimletea kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama Wahaya wanavyompokea mgeni, hata yule waliye na neno naye. Malin alitafuna, akakunja uso, akaendelea kutafuna. Leokadia akaona kwamba ana malezi.

Khalfan alikuwa ameshakaa. Clement naye alikuja, akasimama karibu na dirisha mikono mifukoni, kwa sababu alisema anapita tu.

"Nina masharti," Leokadia alianza. "Mume wangu akitokea, sauti yako inazimwa. Nitasema mimi, aliyosema yeye, siku ile, mahali pale. Na maandishi ya Kiingereza nitayaandika kwa mkono wangu. Mkalimani tulishampata mmoja, akatutosha."

"Unakumbuka kila neno?" aliuliza Malin. Hakuuliza kwa ubishi, lakini aliuliza.

"Fungua kompyuta yako."

Malin akafungua. Yule mtu mwembamba akatoka kwenye kundi, akageuza shingo kushoto, kisha kulia. Leokadia akaanza, akachelewa. Mdomo ulikuwa umeshafika mbele.

"Usimkimbize, Bi," alisema Khalfan. "Mdomo haufuatwi. Vuta pumzi pale anapovuta yeye, mtatoka pamoja."

Wakarudisha nyuma. Leokadia akatazama kifua cha mumewe, si mdomo wake. Kilipopanda, naye akavuta pumzi. Safari hii maneno yaliingia mahali pake kama mguu katika kiatu cha siku zote. Ferdinand alipotua, Leokadia alikuwa ametua. Alipoinua kidole, neno la kuinulia kidole lilikuwa hapo. Clement akatoa mikono mifukoni.

Ilipokwisha, Malin alifunga kompyuta, buni bado shavuni. "Watazamaji watafikiri ni sehemu ya mchezo wangu," alisema mwishowe.

"Wafikiri wanavyotaka, mradi wasikie."

"Na nikisema filamu ni yangu, na haiwezi kubadilishwa?"

"Nitakata tiketi, nitakaa mbele, na nitasema vile vile. Sauti ya kufundishia watoto hamsini bila kipaza sauti sijaipoteza."

"Hajaipoteza," alisema Clement kutoka dirishani. "Naweza ku-confirm."

Malin alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa mahali ambapo hata yeye alitaka kushindwa. "Sawa," alisema. "Nitazima."

Edna na Khalfan walirudi Landover kumaliza ng'ombe na watwangaji, na Leokadia akarudi kumalizia jino lake. Hakuwa na kinyongo na kazi. Kinyongo chake kilikuwa na mipaka, na mipaka yake alikuwa ameshaieleza.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, mjini. Ukumbi ulijaa kuliko Malin alivyotazamia. Upande mmoja walikaa watu wa sanaa na miwani yao mizito. Upande wa pili Watanzania wa Beltsville na Woodbridge na Wakenya wa Edna, wamependeza kama siku ya kipaimara kanisani. Bosi wa Clement alikuja na mkewe. Leokadia alivaa kitenge kile kile na lulu zile zile, akakaa kiti cha pembeni chini ya skrini.

Ng'ombe walipoanza kulalamikia kodi, ukumbi mzima ulicheka. Lilipokuja jino, mtu wa nyuma alisema, "Huyo si Ma Leokadia huyo?" na Watanzania wakacheka zaidi. Kisha ukaja uwanja wa nyasi, na karakana, na wageni na kofia zao. Sauti ikakatika. Watu wakageuka nyuma kutazama chumba cha mitambo, wakidhani kimeharibika kitu.

Leokadia akasimama. Hakuwa na karatasi. Kwenye skrini mumewe, mrefu sasa kuliko alivyokuwa hai, aligeuza shingo kushoto, kisha kulia. Kifua kikapanda.

"Ndugu wageni, karibuni," alisema Leokadia. "Randa mmeleta, misumeno mmeleta, tumepokea na tunashukuru. Fundi hamkumleta, mlimkuta. Mti hamkuuleta, mliukuta umesimama. Kabla hamjaja, watu wa hapa walikuwa wanakaa, na walikuwa na cha kukalia. Basi mkirudi kwenu msiandike kwamba mmetufundisha kukaa. Andikeni kwamba mmetuongezea viti. Na siku sisi tutakapowaletea viti nyinyi, mtupokee hivi hivi, kwa shukrani, bila kutuuliza tulijifunzia wapi."

Upande wa Watanzania mtu mzima mmoja aliguna, ule mguno wa wazee, na mwingine akaupokea. Upande wa pili watu walikuwa wanasoma chini ya picha, na hakuna aliyecheka.

Kwenye skrini kijana mwenye tai akawainamia wageni, akasema maneno machache.

"Huyu ni mkalimani," alisema Leokadia kwa sauti kavu. "Anawaambia: anashukuru sana, na anaomba zaidi."

Wageni wakaonekana wakipiga makofi, makofi yasiyo na mlio. Ukumbini hakuna mkono uliosogea. Ilikuwa kama watu wote wameona aibu kwa niaba ya mikono ile.

Mkanda haukuishia hapo. Ferdinand aliwapa mgongo wageni, akatazama kule nyuma kwenye masufuria, akanyoosha mkono na kusema jambo fupi. Watu walimgeukia Leokadia wakimsubiri. Leokadia alikuwa ameufunga mdomo. Alisimama wima, mikono juu ya mkoba, akamtazama mumewe akisema mpaka alipomaliza, na skrini ikawa nyeupe.

Makofi yalikuja baadaye, na yalikuwa na mlio. Bosi wa Clement alisimama. Mtu mmoja wa sanaa aliinua mkono akauliza ni nini kilichosemwa mwishoni.

"Hayo hayakuwa ya wageni," Leokadia alijibu, akakaa.

Watu walipokuwa wakinywa juisi ukumbini, Malin alimwendea. Macho yalikuwa mekundu, lakini kichwa kilikuwa kazini. Filamu ilikuwa inakwenda Gothenburg, kisha miji mingine. Je, Mama angekubali kurudi studio, airekodi sauti yake vizuri, ibaki ndani ya filamu siku zote?

"Hapana."

"Lakini ilikuwa nzuri mno. Isirekodiwe hata kidogo?"

"Ukiirekodi itakuwa yako. Kesho utaikata, keshokutwa utaipindua. Sisemi kwa ubaya, binti yangu. Ndiyo kazi yako, na unaijua. Lakini sauti hii haikatwi."

"Basi pale kwenye filamu niweke nini?"

"Kimya. Anyamaze kimya chake mwenyewe. Na uandike jina lake, lote, na Mwalimu mbele. Mahali ukitaka asikike, niite. Pasipoti ninayo, na baridi nimeizoea."

Malin alitafuta kalamu, akaandika jina kwenye kiganja, akamwonyesha. Leokadia alilisoma, akamwambia herufi moja imekosekana, akangoja mpaka ikatiwa.

Jua lilikuwa bado lipo walipotoka mjini. Clement aliendesha bila redio. Walipokaribia Beltsville akasema, kwa Kiswahili kitupu, ambacho si kawaida yake akiwa kwenye usukani, "Mama, mwishoni pale Baba alisema nini?"

Leokadia alifungua mkoba, akaufunga.

"Alisema kwa Kihaya, 'Leokadia, mtoe mtoto juani.'"

Clement aliendelea kutazama barabara. Masharubu yalimcheza. Mama yake akamwacha kwa muda wa taa moja nyekundu, kisha akaona imetosha.

"Mimi nikiondoka, msemaji ni wewe," alisema. "Filamu ile itaishi kuliko mimi. Haya, anza. Ndugu wageni, karibuni."

"Sasa hivi? Mama, naendesha."

"Baba yako aliisema akiwa na njaa. Anza."

Clement akakohoa. "Ndugu wageni, karibuni. Randa mmeleta, misumeno mmeleta, tumepokea tunashukuru, fundi—"

"Simama hapo. Baba yako hakuwa na haraka nao. Vuta pumzi kwanza. Tena, mwanzo."